Koo Nilizozifuta Kitabuni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika parokia moja ya milimani upande wa Maguu, Paroko alinikalisha mbele ya kitabu cha ubatizo akaniambia niandike polepole, maana wino haufutiki. Hati yangu ilikuwa nzuri, na kichwa kikanivimba. Kitabu kilikuwa na safu sita: tarehe, mtoto, baba, mama, msimamizi, yaani yule anayesimama na mtoto mbele ya padri, na sahihi. Safu ya ukoo haikuwepo.

Paroko alikuwa Mkanada, wa wale wanaosema Kifaransa. Alinieleza kwamba kwao zamani kila mvulana alibatizwa Yosefu na kila binti Maria, halafu ndipo lije jina la kuitwa nyumbani. Akaendesha desturi hiyo huku kwetu Umatengoni. Mzazi akija na jina la bibi, Paroko anasema andika Maria tu, la nyumbani libaki nyumbani. Akina baba wengi nao walikuwa Yosefu tangu zamani, basi haukupita muda nikawa na Maria binti Yosefu wa kumwaga.

Nikabuni njia yangu. Pembeni mwa ukurasa niliandika kwa penseli ukoo wa kila mtoto: Ndunguru, Kapinga, Nchimbi. Siku moja Paroko akaona.

"Karani, hiki ni kitabu cha Kanisa, si cha kabila. Futa."

"Padri, hawa watajuanaje kesho?"

"Watajuana kwa ubatizo wao. Futa, au katafute kazi nyingine."

Nilifuta kwa raba siku mbili mfululizo. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na shamba la kahawa lilikuwa bado miche.

Wiki hiyohiyo akanipa barua zake nizipige taipu. Alikuwa anatafuta mababu zake. Parokia za kwao zilimtumia nakala za vitabu vya ubatizo, naye akachora vizazi kumi akavibandika ukutani ofisini. Babu wa kwanza alikuwa askari kutoka Ufaransa, na jeshini wenzake walimpachika jina la utani. Makarani wa kule waliandika yote mawili, jina la ukoo na lile la utani, kizazi hata kizazi, mtu asipotee. "Tazama," akaniambia, "makarani wetu walikuwa waaminifu." Nilimchukia siku ile, na sijaacha, Mungu anisamehe.

Baadaye nilihamishiwa Litumbandyosi, kisha ofisi ya Katibu wa jimbo, Mbinga mjini. Nikastaafu na cheti cha utumishi mwema.

Mwaka huu alinijia mwanamke kutoka Liuli, kando ya ziwa, jina lake Stella. Mama yake, Maria binti Yosefu, alikuwa amelazwa na hali ilikuwa mbaya. Huyo mama aliachwa yatima huku milimani akiwa mdogo, asijue mamaye aliitwa nani wala mwaka aliozaliwa, muuza samaki mmoja akamchukua akamlelea ziwani. Mlezi huyo alishakufa. Sasa mgonjwa alitaka ndugu zake waje wamwone.

Tulikwenda parokiani, nikafungua kitabu. Maria binti Yosefu walikuwa kumi na mmoja, wote kwa mwandiko wangu. Pembeni karatasi ilikuwa imechubuka.

"Hapa paliandikwa nini, babu?"

"Ukoo."

"Nani kafuta?"

"Mimi, mama."

Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi jaribu kukumbuka." Nikataja Kapinga, nikataja Nchimbi. Nilikuwa nabahatisha, naye alijua.

Vijana wananifariji kwamba amri ilikuwa ya Paroko. Waniache. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini janga langu nimewalisha watu nisiowajua hata ukoo. Ninyi mnaoandika kwenye kompyuta, mkiambiwa mfute, kwanza mwulizeni anayewaamuru kama kwao wanafuta.

Tulizunguka vijiji siku nne. Siku ya tano ikaja simu kwamba mama amefariki.

Nilishuka Liuli kuzika. Kabla ya jeneza kushushwa, mzee aliyeongoza mazishi akaita msemaji wa ukoo wa marehemu asimame. Watu wakatazamana. Stella akanitazama mimi. Mzee akaita tena, akangoja, kisha akawaambia vijana washushe.