Kandambili zangu chini ya kitanda cha Mama Zaituni

Jamani, Mama Zaituni hajarudi na simu yake imezimwa.

Tangu nimalize shule huwa nakaa na binti yake, Zaituni, hapa Nalufenya. Zaituni ana ulemavu wa akili na hasemi. Mimi namwangalia, mama yake anatoka kupumzika kidogo, adhuhuri anarudi.

Leo asubuhi nilimwambia, "Mama, pumzika mpaka uchoke kupumzika. Zaituni amenizoea."

Akaniangalia sana. "Kweli amekuzoea?"

"Kweli kabisa, Mama."

(Nilifurahi. Nani huniuliza mimi kitu?)

Sasa adhana ya magharibi imeshalia. Muuza chapati wa hapo nje ameniita: "We dada, Mama Zaituni amehamia Mbale? Nimemwona stejini, kwenye mabasi ya huko, na begi kubwa."



Kila siku mama yake akirudi, Zaituni huniletea kandambili zangu mlangoni. Ndiyo kwaheri yake.

Leo amezileta, akatazama barabara kwa muda. Kisha akazirudisha ndani, akazipanga chini ya kitanda cha mama yake, pale palipokuwa na za mama.

Mlioko Mbale, mkimwona, mwambieni nilimaanisha siku moja tu.