Mbegu Zilizotoka Kabla ya Amina

Kila Ijumaa wanafunzi wenzangu wa Uvira wanateremka ziwani kuogelea. Lakini minye naenda Kiringye, kwa mama, kulima. Jumatatu narudi darasani na viganja vimekakamaa, na mwalimu anauliza kwa nini nasinzia. Nasinzia kwa sababu nimechoka, mwalimu. Hakuna siri.

Shamba lenyewe lilikuwa limechoka kutuzidi. Mihogo miaka na miaka, kisha soya misimu miwili, na soya ikatoka ya manjano, imesinyaa kama imeambiwa habari mbaya. Shamba ni la ukoo wa marehemu baba, na mdogo wake ndiye analisimamia. Huyo baba mudogo alisimama mpakani, mikono nyuma, akamwambia mama: "Soya ikitoka tena manjano, shamba narudisha. Nitaweka mihogo yangu." Hatuna shamba lingine.

Ndipo agronomu mmoja, bwana shamba aliyekuwa akigawa pakiti za unga mweusi huko Sange, akampa mama moja. Ndani mna bakteria hai, alisema. Unazipaka kwenye mbegu kwa maji yenye sukari kidogo. Mbegu ikiota zinaingia kwenye mizizi, zinajenga vinundu, zinakaa humo. Mmea unazilisha sukari, nazo zinachukua azoti, yaani nitrojeni, ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Wapangaji wanaolipa kwa mbolea. Hata minye, ninayelala kwenye biolojia, nilielewa. Masharti mawili: zisipigwe na jua, na mbegu ikishapakwa ipandwe siku ileile.

Sasa kwetu, mvua za kwanza zikishaloweka udongo, kuna Jumamosi ya mbegu. Kila nyumba inaleta beseni uani kwa kanisa, mchungaji anaombea, kisha watu wanakwenda kupanda. Nilikuwa nimemwambia mama tubebe mbegu kavu, unga tupake shambani. Alfajiri nikamkuta ameshapaka, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mama! Si tulisema baadaye?"

"Hizo bakteria ziko na uhai ao haziko na uhai?"

"Ziko na uhai."

"Basi zibarikiwe. Utaombea mbegu tu, na ile yenye itafanya kazi utaiacha mu pakiti?"

Nilitafuta jibu njia nzima hadi kanisani.

Beseni letu likawa mwisho wa mstari, juani. Nikafungua mwavuli wa mama, nikaushika juu yake. Bibi mmoja akanidunga kidole mgongoni: "Weye mutoto, unafunika soya, minye muzee unaniacha mu jua?"

"Koko, weye utafika jioni. Hizi sijui."

Watu wakacheka. Baba mudogo, aliyekuwa mbele, akageuka: "Ng'ombe ziliisha? Sasa munafuga vidudu?" Wakacheka zaidi. Iliniuma kwamba mzaha wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Mchungaji akaombea mvua, akaombea barabara, akaombea wanafunzi, hapo nikasema amina kwa sauti. Kisha akaanza kupita beseni kwa beseni, polepole. Mkono ukachoka, nikabadilisha. Na wa pili ukachoka. Jua liliingia kwa ubavu, chini ya mwavuli. Niliingiza kidole: mbegu za juu zilikuwa na joto.

"Mama, zinapata moto."

Mama alikuwa amefumba macho.

"Mama, zitakufa."

Alifumbua jicho moja, akaangalia mabeseni yaliyobaki mbele yetu, akaangalia mgongo wa baba mudogo.

Mama yangu hajawahi kutoka kanisani kabla ya amina, hata akiwa na malaria. Siku hiyo alivua kitenge cha mabegani, akafunika beseni, akajitwika, akapita katikati ya watu wote maombi yakiendelea. Nikamfuata na majembe. Nyuma yetu yule koko akasema, "Anakimbia baraka!" Mama hakugeuka.

Tulipanda hadi giza. Mama huimba akipanda. Siku hiyo hakuimba. Hata kujibu salamu za wapita njia ilikuwa kazi.

Soya ilipotoa maua, baba mudogo alikuja. Majani yalikuwa ya kijani, lakini si pote: mistari ya mwanzo, tuliyoipanda kwa mbegu za juu ya beseni, ilikuwa imepauka. Alikwenda palepale, bila shaka. Akang'oa shina moja: mizizi mitupu. Mama akaangalia pembeni.

Nikamvuta baba mudogo hadi katikati ya shamba, nikang'oa la pale. Mizizi imejaa vinundu.

"Huu ni upele," akasema. "Ni ugonjwa."

Nikapasua kimoja kwa ukucha. Ndani chekundu kama nyama. Agronomu alikuwa amesema rangi hiyo maana yake zinafanya kazi.

"Damu?"

"Si damu, baba mudogo. Lakini ziko hai. Zinatumika kazi kuliko minye."

Hakucheka. Alipasua kingine, na kingine, akajifuta kidole kwenye suruali, akatembea mstari baada ya mstari hadi mwisho wa shamba. Aliporudi akamwambia mama, "Basi, endeleeni." Kisha, akiwa ameshaondoka hatua chache: "Lakini ile mistari ya kule muipalilie. Ni aibu."

Mama alikaa chini kwenye udongo, miguu imenyooka mbele, kama muntu aliyeteremka kutoka Lemera, kule milimani, kwa miguu. Shamba limebaki mikononi mwetu, maana yake na Jumamosi zangu zote ni za shamba. Nikakaa karibu naye.

"Mama, tulale kidogo?"

"Tupalilie ile mistari kwanza," akasema. Lakini hakuinuka, na minye sikumkumbusha.