Miguu Iliyofungwa Khanga

Mimi si mtu wa kujisifu ovyo, ila hili nitajisifia mpaka nistaafu.

Bibi mmoja aliteleza kwake Sengerema akianua dagaa. Wanawe wakamfunga miguu yote miwili pamoja kwa khanga, kuanzia mapajani hadi vifundoni, asije akaumia zaidi kwenye kivuko. Ndivyo tunavyosafirisha mtu aliyevunjika huku kwetu. Mwenzangu wa chumba cha eksirei, hapa hospitalini Mwanza, aliona haya kumfungua mama wa watu mbele ya wanawe wa kiume, akampiga picha vivyo hivyo, amefungwa. Picha ikaonyesha ufa tu kwenye shingo ya paja, mfupa umetulia. Daktari bingwa akapanga kumtia skrubu.

Asubuhi yake aliletwa kwangu kupigwa picha ya kifua kabla ya upasuaji. Nikamwamkia, nikawatoa wanawe nje, nikafungua ile khanga. Mguu wa kulia, ule ulioumia, ukalalia upande wa nje papo hapo. Mguu wenye ufa tu haulali hivyo; khanga ndiyo iliyokuwa imeunyoosha kwenye picha.

Bibi aliniuliza kama atatembea. Asipotembea, alisema, watamhamishia huku mjini, Nyakato, kwa bintiye, awe wa kukalishwa kwenye kochi kutwa nzima, na mihogo yake nani ataipalilia?

Nikampigia daktari simu, nikaomba apitishwe kwenye siti skani, ile mashine inayopiga mfupa picha pande zote. Akaniuliza tangu lini nimekuwa mpasuaji. Nilikasirika, lakini sikukata simu. Mwishowe akakubali, nadhani ili ninyamaze.

Kompyuta ilipounganisha zile picha, nyonga nzima ikasimama kwenye kioo, unaweza kuizungusha upendavyo. Daktari akaja, akaitazama kwa mbele: safi. Nikaizungusha taratibu. Kwa nyuma, kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeinama vibaya, kama kofia inayotaka kudondoka. Akasogeza uso karibu na kioo.

"Skrubu zisingeshika hapa," akasema. "Tunamwekea nyonga ya bandia. Umefanya kazi."

Nilifurahi mno, nikajifanya napanga faili.

Miezi kadhaa baadaye mlango wangu uligongwa. Bibi yule aliingia na mkongojo, ile khanga ameitupia begani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaegesha mkongojo ukutani.

"Daktari kaniambia ulivyonizungusha kwenye kompyuta. Nimekuja unitazame na kwa nyuma," akasema, akageuka polepole bila kushika kitu.