Tulivyolala garini Likoni, mimi na mama, na polisi wakijua

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, ingawa sidhani kama mmebaki wengi humu.

Kijana mmoja kauliza kama mtu anaweza kulala ndani ya gari safarini asiibiwe wala asikamatwe. Nimesoma majibu yenu. Wengi mnabahatisha.

Mimi nimevuka tisini, nachapa kwa kidole kimoja. Haya niliyafanya mwenyewe, Mungu shahidi.

Ilikuwa miaka ya arubaini, vita vikubwa vimekwisha. Nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Changamwe, Bwana Mbarak. Mama alikuwa amevimba mguu na anataka kumwona dada yake Msambweni. Nikaomba gari.

Bwana Mbarak akaniambia, "Mpeleke mama. Lakini likipata mkwaruzo, usirudi nalo."

Kwenda tulikwenda salama. Siku ya kurudi tukafika Likoni jua linatua, tukaambiwa feri imeharibika injini, hadi asubuhi.

Hatuna ndugu Likoni. Mama hawezi kutembea. Gari siwezi kuliacha peke yake.

Na siku zile, wakuu, Mwafrika akikutwa usiku ndani ya gari la mtu, hata aeleze vipi haeleweki. Kazi ingekwenda, na mimi ningekwenda ndani.

Basi nikachukua kipande changu, kitambulisho cha siku zile, na laiseni, nikaenda kituo cha polisi kwa miguu yangu. Nikamkuta koplo mmoja, mtu wa makamo.

"Afande, nimekwama na mama yangu. Niegeshe wapi tulale nisivunje sheria?"

Akaniangalia sana. "Hilo hajaniuliza mtu. Watu huletwa hapa wameshaivunja."

Akanionyesha kiwanja nyuma ya kituo, akaniambia nimwombe mwenyewe, Mzee Mwinyi. Kisha akaandika kwenye karatasi jina langu, namba ya gari na mahali nitakapolala.

Mzee Mwinyi akakubali, akatupatia na muhogo wa kuchemsha. Ila akasema, "Usilaze gari chini ya minazi. Nazi haina adabu."

Nikaliweka mahali tambarare, pua imeelekea barabarani, nikitaka kuondoka nisihangaike kugeuza. Nikavuta breki ya mkono na bado nikaweka mawe kwenye magurudumu. Vioo nikaviacha wazi kidole kimoja pande zote mbili, maana watu wawili wakifungiwa ndani hewa inaisha. Mama nikamlaza nyuma, mguu juu ya mto. Mimi nikabaki kwenye steringi.

Dereva mmoja wa bara, Kilonzo, alikuwa na lori la mahindi. Yeye alilisimamisha kwenye mteremko wa feri ili awe wa kwanza asubuhi. Aliponiona nabeba mawe alicheka. "Wewe unaomba ruhusa ya kusinzia?"

Nikaendelea kupanga mawe yangu.

Baada ya Isha tochi ikanimulika usoni. Askari mwingine, kijana, yule koplo ameshamaliza zamu.

"Gari la nani hili? Toka."

Mikono sikuitoa kwenye steringi. Nikamwambia, "Afande, nina karatasi mfuko wa shati. Niitoe?"

Kabla hajajibu, mama akainuka kule nyuma. "Mwanangu, umekula?"

Askari akashusha tochi. "Bado, mama."

Mama akampa muhogo kupitia dirishani. Akaupokea kwa mkono mmoja, karatasi kwa mkono wa pili, akasoma. Akanirudishia. "Lala," akasema.

Hapo ndipo nikamwona Kilonzo nyuma yake, kashikwa mkono na askari wa pili.

Mama akauliza, "Na huyo?"

"Kafunga njia ya feri. Huyu analala ndani."

Nikashuka. Nikasema, "Afande, akiliondoa lori akaliweka hapa nyuma yangu, njia itakuwa wazi. Mwenye kiwanja nitamwomba mimi."

Askari akafikiri. Mama naye akasema, "Mwachie, mwanangu. Naye ana mama yake."

Wakamwachia. Mzee Mwinyi hakukataa. Kilonzo alipokwisha kuegesha nikampa mawe mawili. Akayapokea kwa mikono miwili.

Asubuhi tulivuka. Changamwe nilimkuta Bwana Mbarak kasimama mlangoni, habari za feri ameshazipata. Akalizunguka gari mara mbili, akipitisha kiganja kwenye rangi. Nikampa karatasi ya koplo.

"Ulikwenda polisi mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Akamwita nduguye kutoka ndani ya duka. "Njoo umwone dereva wangu."

Wakuu, nimepata mengi maishani, lakini maneno yale bado nayasikia. Toka siku hiyo safari zote ndefu zikawa zangu.

Kwa hiyo kijana, jibu langu ni hili. Wenye mahali uwaombe mapema, kabla hujazima injini, na jina lako lijulikane na mtu kabla giza halijaingia. Anayejificha ndiye anayetafutwa.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila wanawake wa kanisani kwetu Rabai walipomuuliza kama hakuogopa kulala njiani, aliwajibu, "Niogope nini? Alikuwa anaendesha mwanangu."

Nanyi mliowahi kulala garini, ilikuwa wapi, na nani aliwapa ruhusa? Andikeni, nasoma polepole lakini nasoma yote.