Baridi Iliyofika Izigo

Alistidia wa Izigo alikuwa na tabia ya kuota akiwa macho. Angeweza kukaa mlangoni na ndizi moja mkononi, kisu kimesimama katikati ya ganda, macho yameelekea upande wa ziwa ambalo hata halionekani kutoka pale, mpaka maji jikoni yakauke. Mumewe, Mwijage, alishazoea. "Mama Ephrasia," angemwita, "rudi nyumbani." Naye angeshtuka, acheke, kisha aendelee kumenya kana kwamba hakuwa ameenda popote.

Alikokuwa akienda ni Kibeta, Bukoba mjini. Huko ndiko alikoishi binti yake wa pekee, Ephrasia, tangu alipougua kisukari akiwa msichana wa shule. Madaktari walimwokoa, Mungu awabariki, ila walimpa sharti: achome sindano kila siku, na dawa yenyewe ikae mahali penye baridi, isipate joto wala isigande. Izigo kulikuwa na kahawa, migomba na watu wema wa kutosha, lakini mahali pa kuwekea dawa ile hapakuwapo. Mtoto akapelekwa mjini kwa shangazi yake, Klaudia, kwenye nyumba yenye umeme na friji.

Kila alipokuja kusalimia, alibeba dawa yake ndani ya chupa ya chai iliyojazwa barafu, na barafu ilipokwisha naye aliondoka. Alilala usiku mmoja, basi. Mama yake alimtandikia nyasi mpya sakafuni, akamkalisha kwenye mkeka mzuri, akamkataza kugusa kisu wala sufuria, kama wafanyiwavyo wageni. Ephrasia naye alishukuru kwa adabu, akala kidogo, akajibu alichoulizwa. Hilo ndilo lililomuuma Alistidia kuliko yote: kuzaa mtoto, kisha kumpokea kama mtu baki.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha, na Mwijage alikuwa mtu wa mikutano. Kila mkutano alirudi na jambo jipya: bomba la maji, zahanati, trekta, umeme. Alistidia aliyasikiliza yote kama mtu anayesimuliwa harusi ya mbali. Lakini msimu ule kahawa ilikubali, na jioni moja alisema kwa sauti ambayo mumewe hakuizoea, "Baba Ephrasia, tununue friji. Nataka mtoto wangu arudi."

Dukani kwa Suryakant, Bukoba mjini, yalikuwapo mawili. La kwanza lilikuwa refu, jeupe, la umeme, na mke wa Suryakant, Anasuya, alipolifungua taa ikawaka ndani. Alistidia aliingiza kichwa humo, akafumba macho. Akaziona chupa za Ephrasia zimepangwa kwenye ule mwanga, akamwona Ephrasia mwenyewe akipita na ndoo ya maji, akasikia harufu ya nyumba yake. Anasuya ilibidi amguse bega.

"Ni hili," alisema. Mwijage naye alikwisha kusema hivyo hivyo, na sidhani kama wawili wale waliwahi kukubaliana upesi namna ile tangu siku ya ndoa.

"Izigo kuna umeme, mzee?" Suryakant aliuliza.

"Utakuja. Tumeambiwa kwenye mkutano."

"Na mimi naomba uje. Ukifika, rudi uchukue hili, nitafurahi sana. Lakini dawa ya mtoto itaweza kuungoja?"

Mwijage alitazama viatu vyake. Suryakant akawapeleka kwa lile la pili, fupi, lililokwaruzwa ubavuni, lililouzwa na familia iliyorejea Ulaya. Halikuwa na taa ndani. Chini yake palikuwa na tangi la mafuta ya taa na utambi, na nyuma bomba la kutolea moshi.

"Moto chini, baridi juu?" Alistidia alicheka. "Waitu, jamani, mnanitania."

"Hata mimi sielewi, dada," Anasuya alisema. "Lakini lilikaa jikoni kwangu muda mrefu, na maziwa hayakuharibika."

Suryakant akawaeleza. Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi. Utambi ukatwe sawasawa. Nyuma paachwe nafasi, joto lipate pa kutokea. Mlango usifunguliwe ovyo. Na lenyewe lisimame wima, lisiinamie upande wowote. Mwijage aliitikia kila neno. Alistidia aliitikia pia, lakini hakuwepo pale. Alikuwa ameshatangulia nyumbani kuandaa mahali pa kuliweka.

Nako aliandaa kweli. Alikata nyasi changa zenye umande, akazitandaza nene kwenye kona nzuri ya sebule, na friji likasimamishwa juu yake.

"Utatuchomea nyumba," Mwijage alisema.

Basi akaziondoa zilizokuwa karibu na moto. Zilizo chini ya miguu ya friji aliziacha. Mgeni uliyemngoja miaka yote hiyo, utamsimamisha kwenye udongo mtupu? Hakuna mwanamke wa Izigo ambaye angefanya hivyo, na wala Mwijage hakuona kosa lolote.

Friji halikupoa.

Siku ya kwanza walisema limechoka na safari. Baadaye Mwijage akaona masizi, akakata utambi, mwali ukawa wa buluu safi. Halikupoa. Wakalisogeza mbali na ukuta. Wakabana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango kuona kama unafunga. Karatasi ikang'ang'ania, mpira ulikuwa mzima. Kisha lawama zikawaangukia majirani, na kwa haki kabisa, maana Buberwa wa kibanja cha pili alikuwa ameweka humo chupa yake ya rubisi, pombe ya ndizi, bila kuomba, na kila alipopita njiani aliingia kuifungulia na kuipapasa. Alistidia akampa chupa yake na maneno ya kuondokea nayo. Bado halikupoa.

Ephrasia alikuja na chupa yake ya chai. Aliingiza mkono ndani ya friji, akauacha humo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa kumhurumia mama yake. "Mama, bado," alisema. Kesho yake akaondoka. Alistidia alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi akitembea kama mtu aliyetoka kuzika.

Kila jioni alikuwa akiweka bakuli la maji ndani ya friji, kwa kuwa hakuacha kutumaini, na kila asubuhi aliyakuta na uvuguvugu wake. Asubuhi iliyofuata alikaa sakafuni mbele ya mlango ulio wazi, kidevu kwenye magoti, akayatazama yale maji tu. Ukungu ulikuwa umeingia hadi migombani. Mawazo yalimchukua. Akawa anayaona maji kama ziwa dogo, na ukingo wa bakuli kama ufuko, na upande mmoja wa ufuko ule maji yalikaribia kumwagika, na upande wa pili yalikuwa chini.

Akaligeuza bakuli. Maji yakajaa upande ule ule.

Hapo akainama kutazama miguu ya friji. Nyasi zilikuwa zimelowa, zimelala, zimeanza kuoza, na mguu mmoja ulikuwa umezama ndani yake. Friji zima lilikuwa limeegemea kama mlevi anayesalimia watu. Lisiinamie upande wowote, Suryakant alisema. Alistidia alijipiga paji la uso. "Ni mimi!" alipiga kelele. "Baba Ephrasia, njoo, ni mimi mwenyewe!"

Alizing'oa nyasi zile kwa mikono miwili, bila heshima yoyote, akazitupa uani. Mwijage akaleta mawe bapa kutoka kijitoni, akainua na kushusha, naye mkewe akaongoza huku jicho likiwa kwenye bakuli: kidogo, tena kidogo, umezidisha, hapo hapo, usipumue. Maji yakatulia sawa pande zote. Wakawasha moto, wakafunga mlango, na siku ile hakuna aliyeugusa.

Kesho yake alipofungua, kitu kilimgusa usoni kama pumzi ya mtu. Akanywa yale maji na meno yakamuuma. Alilia, akanywa tena.

Ephrasia aliitwa, akaja. Aliingiza mkono, akautoa, akautazama. Alifungua mfuko wake na kutoa chupa za dawa, zote alizokuwa nazo, akazipanga ndani moja moja mbali na barafu, akafunga mlango taratibu.

Siku zikapita, na mwanzoni nyumba ile ilijaa adabu. Alistidia alitandika mkeka mzuri. Ephrasia alishukuru. Mama alipika, mtoto alikula kidogo, na wote wawili walikuwa kama watu wanaongoja lori.

Kisha ikafika asubuhi moja ya kazi nyingi, buni zimeanikwa nje na mawingu yanakuja, jiko limezimika, na Alistidia peke yake uani na chane nzima ya ndizi. Subira ikamwisha.

"Ephrasia! Jua limepita migomba na wewe bado umelala? Unadhani ndizi hizi zitajimenya?"

Alijisikia mwenyewe, akaziba mdomo kwa mkono.

Kutoka ndani ikaja sauti nzito ya usingizi, iliyonuna, isiyo na adabu hata kidogo: "Nakuja, Mama! Nitamenya na nini? Kisu chenyewe butu!"

Alistidia alikaa chini pale pale, katikati ya buni, machozi yakimtiririka huku akicheka. Mwijage alikuja mbio kutoka kibanjani akidhani kuna msiba.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema. "Namgombeza mtoto wangu."