Sabohat na Sala Isiyotolewa Salamu

Mikono ya mama mkwe wangu Sabohat haina hata unywele mmoja, kuanzia kiganjani mpaka kiwikoni. Tanuri limeziunguza zote. Miaka arobaini na minane anaiingiza mikono ile motoni kubandika mikate, na ngozi yake imekuwa nyororo na nyekundu kama ya mtoto mchanga. Nilipoletwa nyumba hii nikiwa bibi harusi niliiogopa mikono kabla ya kuuogopa ulimi. Ulimi niliuzoea upesi. Na mimi ninao.

Mumewe, baba mkwe wangu Ubaydullo, alikuwa mgawa maji wa kijiji chetu huku Isfara. Yeye ndiye aliyeamua shamba la nani la aprikoti lipate mfereji leo na la nani lisubiri kesho, na kwa kazi hiyo alitukanwa na kila mtu, kwa zamu. Lakini alikuwa na kazi nyingine. Enzi za Warusi, msikiti wetu ulipogeuzwa ghala la mbolea, yeye alifundisha watu kusali. Ukimwona amekaa na mtu ukingoni mwa mfereji, jembe liko katikati yao na wananong'ona, ungedhani wanagombea maji. Kumbe mwenzake anafundishwa tahiyatu.

Kwa nini tahiyatu? Kwa sababu Alhamdu watu walikuwa nayo, mabibi zao waliwaachia. Walichopotelewa nacho ni mwisho: ile tahiyatu inayosomwa katika kikao cha mwisho, kumsalia Mtume, dua, halafu salamu ya kulia na ya kushoto. Kijiji kizima walijua kuingia kwenye sala, hawakujua kutoka. Walikuwa wakifika pale wanakaa kimya kidogo, wanajipangusa uso na kuondoka, na moyoni wanajua wameondoka bila ruhusa.

Hata Sabohat aliolewa hivyo hivyo. Kipupwe cha kwanza cha ndoa yao Ubaydullo alimfundisha mbele ya tanuri, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mama yake hakuwafuata. Kila mkate fungu moja la maneno.

"Usibandike mpaka useme," alimwambia.

"Unga unanidondoka!"

"Basi sema upesi."

Mama Sabohat amenisimulia habari hiyo mara zisizo na idadi, na kila mara anacheka mpaka anashika mbavu. Mikate iliyoungua kipupwe kile, anasema, ingelisha jeshi. Kutoka mkate wa kwanza hadi salamu ni mikate kumi na saba. Mpaka leo akioka hutikisa midomo.

Ugonjwa wa Baba Ubaydullo ulianza kama uzee wa kawaida. Alisahau majina, tukacheka. Akasahau mfereji wa kwa nani unaanzia wapi, watu wakafurahi, wakajichotea maji watakavyo. Halafu siku moja msikitini, sala ya adhuhuri, imamu akatoa salamu, watu wakainuka, Baba akabaki amekaa. Wakadhani ana dua ndefu. Alasiri ikaadhiniwa, wakamkuta pale pale, mguu wa kushoto chini yake umekufa ganzi, midomo inakwenda mbio.

Tahiyatu ndani yake ina salamu mbili zinazofuatana, mbali na zile za kutokea: moja ni ya Mtume, nyingine ni yetu sisi na waja wema. Watoto wote huteleza hapo. Wakifika ya pili wanairudia ya kwanza, na Baba alikuwa akiwatania: "Mbona umerudi kwa jirani? Kwenu ni mbele." Sasa yeye mwenyewe alikuwa akifika kwa waja wema, anarudi kwa Mtume, anafika kwa waja wema, anarudi. Hakuweza kupita. Na kumfuata imamu hakukumsaidia, kwa kuwa imamu akitoa salamu na wewe hujamaliza tahiyatu, unaimaliza kwanza. Sheria hiyo alikuwa ameifundisha yeye, na katika yote aliyosahau hiyo haikumtoka.

Wanaume wanne walimwinua wakamleta nyumbani. Hakurudi msikitini tena. Aliona haya.

Basi akawa anasali nyumbani, yeye mbele, Mama nyuma yake akiusikia mnong'ono wake. Mwanamke akiwa nyuma na imamu akakosea, hamsahihishi kwa sauti. Anapiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Kofi linasema umekosea. Halisemi ulikosea wapi. Mimi nikiwa uani nachambua aprikoti nilikuwa nikisikia kofi, kimya, kofi, kimya, mpaka nikatamani kuziba masikio. Na Mama hawezi kutoka kwenye sala kabla ya imamu wake, kwa hiyo amekaa na magoti yake mabovu, unga unaumuka na kumwagika kwenye beseni.

Siku nyingine Baba alishindwa kabisa akamgeukia mkewe. "Mama Dilovar, nitoe."

Akishasema hivyo sala imevunjika, na anajua imevunjika. Anainuka kwa kushika ukuta na kuanza upya, rakaa zote nne.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, na alikisema waziwazi katika saa zake nzuri, akinywa chai. "Sitaki nife nikiwa katikati. Nipatieni sala moja niitoe salamu mwenyewe. Moja tu. Halafu mnizike hata chini ya mfereji."

"Utazikwa juu, unywe maji vizuri," Mama alimjibu. Lakini asubuhi yake akamshika mkono akamkalisha mbele ya tanuri.

Nilimwona mwanamume mwenye miaka sabini na sita akipewa donge la unga kama bibi harusi. Mama akasema fungu la kwanza. Baba akalisema. "Bandika." Akabandika. Fungu la pili, bandika. Wakafika kwenye zile salamu mbili. Baba akatoa salamu ya Mtume, akabandika. Akatoa ya waja wema, akabandika. Akanyoosha mkono kupokea donge jingine, akaenda mbele, kwenye shahada, na kuendelea.

"Unaona?" Mama alinigeukia, uso wote umewaka. "Maneno yamo. Yamejificha tu, watukutu hawa."

"Mkate wa sita umekaa upande," Baba alisema.

"Wa sita ni wako, mpotovu wewe."

"Wangu siwezi kuuharibu. Mwalimu wangu mkali."

Siku kumi na moja waliendelea hivyo. Kila asubuhi mikate kumi na saba, hadi salamu ya kushoto, bila kosa. Nilianza kuamini. Nilimpigia mume wangu Dilovar, ambaye yuko Urusi anapaka rangi majengo ya watu, nikamwambia baba yako anapona. Dilovar alilia kwenye simu.

Lakini adhuhuri ikifika, akitandika msala na kukaa kikao cha mwisho, mikono mitupu juu ya mapaja, anafika kwa waja wema na kurudi. Kofi. Kimya. Kofi.

Ni mimi niliyetoa lile wazo. Nilisema, "Mama, mwekeeni madonge kumi na saba juu ya paja. Ayashike moja moja."

Baba alikuwa na saa nzuri, akanisikia. Aligeuka kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, hata kwa wezi wa maji. "Mavzuna! Mnataka nicheze na unga mbele ya Mola wangu? Mimi niliyewaambia watu wasijikune ndani ya sala?"

Alikuwa na haki. Nilikasirika hata hivyo, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimwosha. Kukaa vile saa mbili, saa tatu, kulikuwa kumemtoboa kifundo cha mguu wa kushoto, kidonda kinatoa maji. Alikuwa hali wala hanywi, maana hajamaliza. Mara nyingine alijikojolea pale pale juu ya msala, na akigundua analia, anataka kutawadha aanze tena. Mama alifua msala, akauanika, na sala iliyofuata akasimama nyuma yake na kofi lake. Nilimwona anakonda. Nilijiambia ninawahurumia wote wawili. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini kuchoka kulikuwepo zaidi, na leo sioni sababu ya kujipamba.

Bila kumwambia mtu nilikwenda kwa imamu.

Imamu wetu Hikmatullo ni kijana wa miaka thelathini na kitu, na tahiyatu yake aliipata kwa Baba akiwa mtoto, kwenye mfereji ule ule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaja alasiri ile ile, akaingia chumbani akiwa ameshika kofia yake, akapiga magoti mbele ya godoro na kumbusu Baba mikono.

"Mwalimu," alisema, "mtu ambaye akili imemtoka, kalamu imeinuliwa juu yake. Haandikiwi. Sala si deni lako tena. Umesamehewa, Mwalimu. Pumzika."

Alisema kwa upole, machozi yanamtiririka. Sidhani kuna mtu angeweza kusema vizuri zaidi.

Mama alikuwa mlangoni na beseni la unga. "Nani amekuita?" alimwuliza.

Imamu aliniangalia, na hilo likatosha.

Kwa Baba ilikuwa saa yake nzuri, Mungu anisamehe. Ingekuwa saa mbaya maneno hayo yasingemfika. Akauliza, "Haandikiwi?"

"Haandikiwi, Mwalimu."

"Hata nikimaliza?"

Imamu alifungua mdomo, akaufunga. Angeweza kusema kitu. Nimemfikiria mara nyingi akiwa pale na mdomo wazi, mtu aliyesoma miaka sita. "Mungu hapotezi jema la mtu," alisema mwishowe, lakini Baba alikuwa ameshageuka. Aliuvuta msala wake, akaukunja mara mbili, akaulainisha kwa kiganja, akampa imamu.

"Mpe mwanafunzi," alisema.

Tangu siku hiyo hajasali. Adhana inapita juu ya paa, yeye anatazama dari. Kidonda kimekauka. Anakula, anakunywa supu, amenenepa mashavu. Majirani wanakuja kunipongeza: Mavzuna umemwokoa mzee wa watu, Mavzuna mkaza mwana wa dhahabu. Nawapokea, nawatilia chai, natamani niwafukuze na ufagio. Maana saa zake nzuri hazikurudi. Zilikuwa zikija, sasa naelewa, kwa sababu alikuwa na mahali anapojitahidi kufika. Asubuhi moja Mama alimpeleka tanurini akampa donge. Akalitazama, akalila bichi.

Siku tisa Mama hakunisemesha. Siku ya kumi tulikuwa tunachomoa mikate, akasema bila kuniangalia, "Ulitaka atoke. Ametoka. Haya."

"Mama, nilikuwa—"

"Najua ulikuwa. Hata mimi nilikuwa. Kila kofi nililopiga nilikuwa nasema, Ya Rabi mtoe huyu nikaoke mikate yangu." Akaingiza mkono tanurini kuokoa mkate uliodondoka makaani, mkono ukakaa humo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikamvuta. "Sasa ningempa Mungu mikono yote miwili," alisema, "nilisikie lile kosa la mzee wangu hata mara moja."

Nililia. Yeye hakulia. Alipanga mikate juu ya kitambaa, ya kuuza upande huu na yetu upande ule, akaenda kutawadha.

Jana adhuhuri nilikuwa chumbani nambadilishia Baba shuka. Mama alitandika msala wake. Hautandiki mbele, penye nafasi. Anautandika pale pale nyuma alipozoea, na mbele yake panabaki zulia tupu, kama hatua moja na nusu. Alisali rakaa zake nne. Akakaa kikao cha mwisho. Midomo ikatikisika, na mimi bila kutaka nikawa nahesabu mikate: wa tano, wa sita, wa saba. Alifika kwenye zile salamu mbili akazipita bila shida, kama alivyofundishwa. Wa kumi na tano. Akasita kidogo. Nilidhani amesahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa hataki kufika.

Kisha akageuza uso kulia akatoa salamu. Akageuza kushoto, kwenye godoro, akatoa ya pili, kwa sauti.

"Wa aleikum salaam," Baba alijibu. Alijiinua kwa kiwiko, akaweka sawa kola ya shati kama mtu mwungwana aliyefikiwa na mgeni. "Karibu, mama, karibu. Ila mwenye nyumba humpati sasa hivi. Yuko kwenye sala, bado hajatoa salamu."

Nilibaki nimeshika shuka. Mama alimtazama, mikono yake myekundu imelala juu ya mapaja.

"Nitamngoja," alisema, na hakuinuka pale juu ya msala mpaka alasiri ikaadhiniwa.