Kivuko cha Sitaha Tatu

Kwenye jengo lenye bwawa refu la kujaribia mifano ya meli walimwita Bi Mawimbi, maana ndiye aliyeendesha mashine ya kuyazusha. Alikuwa amepindua vyombo vingi kuliko dhoruba yoyote, na kazi aliipenda. Kilichomtia kinyaa ni watu.

Safari hii walijaribu mfano wa kivuko ambacho mwenye nacho alikuwa akikiongezea sitaha ya tatu, abiria waongezeke. Mdogo wake Bi Mawimbi alikuwa ameshapata kazi jikoni mwa kivuko hicho. Wimbi likija kwa nyuma, kilele chake kikafika katikati ya kivuko, chombo kiliishiwa nguvu za kusimama: kikalala ubavu, kikapinduka. Kila jaribio, hivyo hivyo.

Mwenye kivuko alipokuja kujionea, mkuu wa kitengo alimvuta Bi Mawimbi kando, mdomo umejaa biskuti.

"Dada, yale mapande ya madini ya risasi ya juu yateremshe chini kabisa. Mzee asije akaaibika."

"Hayo ndiyo yanayoshika nafasi ya uzito wa sitaha mpya na watu wake, bosi. Nikiyateremsha, abiria watakaa wapi? Chini ya injini?"

"Acha utani. Unateremsha, huteremshi?"

"Siteremshi."

Bosi akayateremsha mwenyewe, kwa vidole vyenye makombo. Mawimbi yakapita, mfano ukanesa kidogo, ukasimama wima. Mwenye kivuko akapiga makofi.

"Kigumu hiki, bwana! Kama mama mkwe wangu!"

Wakacheka, mate yakiwaruka. Bi Mawimbi akauonyesha mfano kwa kidole.

"Mzee, hebu chungulia ndani uone sitaha yako ilikolazwa."

Mwenye kivuko hakuinama hata kidogo. "Mama, mimi nimeona kimesimama. Inatosha."

Kumbe hakuwa amedanganywa. Hilo ndilo lililomchefua zaidi.

Walipoondoka akampigia simu mdogo wake. "Usikipande."

"Dada nawe! Nirudi kukaa sebuleni kwako, shemeji anihesabie vijiko?"

"Njoo kwanza uone, kabla hawajautoa mfano majini."

Akaja na aproni yake mpya mwilini. Bi Mawimbi akarudisha risasi juu, akawasha mashine. Mfano ukalala ubavu, ukageuka tumbo juu.

"Na wenyewe wanajua?"

"Mmoja ameteremsha risasi, mwingine amepiga makofi."

Mdogo mtu akaivua aproni polepole, kama nguo iliyotapikiwa.

Nafasi yake jikoni ilijazwa kesho yake.